UKURASA WA JAMAA: Kaseti za video kabatini, tununue mashini gani?

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho jamaa nyingi za Masisi na Walikale ziko nacho lakini hazikiangalii tena: kaseti ya video. Ni ile nyeusi, kubwa kama kitabu, iliyo chini ya nguo ao juu ya kabati, na vumbi limeifunika.

Kuko mama mmoja wa kanisa letu, mjane, aliyekuja kwangu jioni moja akiwa amefunga kitu ndani ya kitenge. Alipofungua, nikaona kaseti. Ilikuwa ya arusi yake, ya mwaka 1991. Akaniambia amekimbia nayo mara nne: mwaka 1993, mwaka 1996, mwaka 2008, na tena mwaka 2024. Sahani zilibaki, mbuzi walibaki, kaseti ikaja. Bwana yake alikufa zamani, na binti yao wa mwisho alizaliwa nyuma ya kifo hicho. Sasa binti mwenyewe anataka kuolewa, na hajapata hata siku moja kumwona baba yake akitembea ao kusikia sauti yake. Iko foto moja tu, nayo imefifia.

Mama akaniuliza: «Pasta, ile sauti ya bwana yangu ingali mule?»

Sikumjibu upesi. Nilikuwa na sababu yangu, na nitawaeleza. Lakini tuanze na swali ambalo wengi wanaliuliza: mbona haraka hii? Kaseti imekaa miaka 30, haiwezi kukaa tena 10?

SABABU GANI TUSINGOJE

Ndani ya kaseti kuko utepe mrefu wa plastiki uliopakwa unga mwembamba sana wa chuma. Picha na sauti zimeandikwa katika unga ule kwa nguvu ya sumaku. Utepe ukikaa penye unyevu miaka mingi, unga unaanza kuachia, na kuvu inaota juu yake kama kwenye mkate. Na sisi tunakaa wapi? Masisi ni milima, baridi na ukungu. Walikale ni pori kubwa na mvua nyingi. Hewa ya kwetu ni nzuri kwa ngombe na kwa mihogo, lakini kwa kaseti ni adui.

Tena kuko jambo la mashini. Kaseti za VHS zilitolewa na kampuni JVC ya Japani mwaka 1976, zikaenea dunia nzima. Kampuni ya mwisho iliyokuwa ikitengeneza mashini za kuzichezesha, Funai ya Japani, iliacha kazi hiyo mwezi wa saba mwaka 2016. Tangu hapo hakuna mpya inayotoka kiwandani. Kila mashini unayoiona sokoni ni ya zamani, na kila mwaka zinapungua. Ndiyo sababu mwaka 2019 mpango mmoja wa UNESCO, pamoja na chama cha kimataifa cha walinzi wa kumbukumbu za sauti na picha, walipiga mbiu kwamba karibu na mwaka 2025 itakuwa vigumu sana kuzichezesha kanda za sumaku. Mwaka ule umekwisha kufika.

Kaseti inazeeka, mashini inazeeka, na fundi anayejua kuitengeneza anazeeka. Wote watatu wanashuka mlima pamoja. Njo maana nasema tusingoje.

MIMI MWENYEWE NILIVYOKOSEA

Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Siku ya kufungua kanisa letu dogo, nikiwa mtoto, yeye ndiye aliyeongoza maombi, na mtu mmoja mwenye kamera alichukua sherehe yote. Kaseti ile ikabaki kwetu. Miaka michache iliyopita nikasema nitaihamisha iingie katika kompyuta. Nikanunua kifaa kidogo cha bei rahisi mjini, nikaazima mashini ya video iliyokaa miaka mingi bila kazi, nikaanza usiku huohuo, kwa sababu nilikuwa na hamu.

Picha ikatoka nyeusi na nyeupe. Nikafikiri kifaa ni kibaya, nikamlaumu mwuzaji moyoni. Nikarudisha utepe nyuma, nikajaribu tena. Nikarudisha, nikajaribu mara ya tatu. Mara ya tatu mashini ikala utepe. Nikavuta kwa mkono, ukakatika.

Mwuzaji hakuwa na kosa. Kaseti ilikuwa ya aina moja ya rangi, kifaa kilijua aina nyingine, na mimi sikuuliza. Mashini ilikuwa chafu ndani, na mimi sikuifungua. Na pahali utepe ulipokatika ni pale baba yangu aliposimama kuomba. Leo nina picha yake akifungua kinywa. Amina yake sina.

Kwa hiyo, wapendwa, yale ninayoandika hapa chini nimeyalipia. Ninyi msiyalipie mara ya pili.

KWANZA, IJUE KASETI YAKO

Kabla ya kutoa hata franka moja, angalia kaseti yenyewe. Kuko aina tatu ambazo tunazikuta sana katika jamaa zetu.

Ya kwanza ni VHS, ile kubwa. Ya pili ni VHS-C, ndogo, yenye utepe uleule wa VHS. Hiyo inaingizwa ndani ya ganda lenye umbo la kaseti kubwa, kisha inachezeshwa katika mashini ya kawaida. Ya tatu ni ile ndogo sana ya milimita 8, iliyoandikwa Video8 ao Hi8. Hapa watu wengi wanadanganyika: wanatafuta ganda la kuiingiza katika mashini ya VHS. Ganda hilo halipo, kwa sababu utepe ni mwembamba kuliko wa VHS. Unahitaji kamera ya aina ileile ili kuichezesha. Mtu akikuuzia ganda la milimita 8, mwambie asante, uende zako.

Kisha kuko aina ya rangi. Zamani dunia ilikuwa na lugha tatu za rangi katika televizyo: PAL, SECAM na NTSC. Televizyo ya Zaire ilitumia SECAM, tuliyoipata kutoka upande wa Wafaransa. Uganda, Kenya na Tanzania zilitumia PAL, na Ubelgiji vilevile. Marekani na Japani zilitumia NTSC. Sasa, kamera za kwetu zilitoka pande zote: nyingine Kampala, nyingine Dubai, nyingine Bruxelles, nyingine mkononi mwa misionari. Kwa hiyo usikisie. Kaseti ya SECAM ukiiweka katika mashini isiyojua SECAM, picha inatoka nyeusi na nyeupe, kama ilivyonipata. Kaseti ya NTSC katika mashini ya PAL peke yake, picha inaruka-ruka ao inateremka kama maji. Ukiona hayo, usiseme kaseti imekufa. Sema: hatusikilizani lugha.

Jambo jingine dogo lakini kubwa: nyuma ya kaseti ya VHS kuko kijino cha plastiki. Kikiwa kingali pale, mtu akibonyeza kifungo kibaya anaweza kuandika juu ya arusi yako mechi ya mpira. Kivunje kabla ya kufanya kitu kingine chochote.

FEZA NYINGI ZIENDE KWENYE DEKI

Hapa ndipo penye neno langu kubwa la mwezi huu. Mashini ya kuchezesha kaseti, ambayo jirani zetu wa Uganda na Tanzania wanaiita deki, ndiyo ya kuchagua kwa uangalifu. Watu wanafanya kinyume. Wanatafuta kifaa kizuri cha kompyuta, na deki wanaokota yoyote.

Wachimbaji watanielewa. Ninyi wa Bisie mnajua mchanga, ninyi wa Rubaya mnajua kolta. Udongo ukitoka shimoni bila mawe ndani, unaweza kuuosha kwa karayi nzuri kuliko zote, hutapata kitu. Deki ni shimo, kifaa cha kompyuta ni karayi. Kile ambacho deki haikukitoa katika utepe, kompyuta haiwezi kukiosha. Ukiwa na dola 100 kwa kazi hii, weka 60 ao 70 kwa deki na kwa fundi wa kuisafisha, na zile zinazobaki kwa vitu vingine.

Deki ya kununua iwe namna gani? Angalia mambo haya:

1. Iwe inajua lugha zote tatu za rangi, ao angalau PAL na SECAM. Zile zinazojua zote zimeandikwa kwa mbele «multisystem». Nyingi zilizouzwa zamani Ufaransa zinajua PAL na SECAM. Soma kibandiko cha nyuma, usisikilize maneno tu.

2. Ijaribu mbele ya mwuzaji. Ingiza kaseti, chezesha, simamisha, peleka mbele, rudisha nyuma, toa. Sikiliza. Deki nzima inavuma kidogo tu. Ikilia kama mlango usio na mafuta, iache.

3. Jaribu kwa kaseti isiyo na maana kwako. Filamu ya zamani ya vita inatosha. Kaseti ya mama yako isiwe ya kwanza kuingia katika mashini usiyoijua. Hili shikeni sana.

4. Angalia kama iko na kifungo cha kurekebisha mistari, wanachokiita «tracking». Bila hicho kaseti nyingi za zamani zitatoka na mistari.

5. Angalia tundu za nyuma. Deki nyingi za Ulaya ziko na plagi pana ya peritel. Utahitaji kiunganishi cha kutoka peritel kwenda waya tatu: wa njano kwa picha, mweupe na mwekundu kwa sauti. Viunganishi vingi viko na kaswichi kadogo: kupeleka ndani ao kutoa nje. Kaweke upande wa kutoa nje. Nimeona kijana mmoja akihangaika siku nzima kwa sababu ya kaswichi hako.

Kisha, kusafisha. Ndani ya deki kuko ngoma ndogo ya chuma inayozunguka mara 25 kwa sekunde katika mashini za PAL na SECAM, na vichwa vidogo sana vya kusoma utepe viko juu yake. Uchafu kidogo tu, picha inajaa theluji. Fundi achomoe umeme kwanza, kisha apanguse kwa pombe safi ya dawa na kitambaa laini kisichoacha nyuzi. Asitumie pamba ya masikio juu ya ngoma: nyuzi zake zinanasa vichwa na kuvivunja. Apanguse kwa kufuata mzunguko wa ngoma, asisugue juu na chini.

Na kaseti yenye kuvu? Ukiona unga mweupe kwenye utepe, usiiingize katika deki hata kidogo. Itachafua vichwa, na kaseti zote zinazofuata zitapata ugonjwa uleule. Iweke mahali pakavu penye hewa kwa siku nyingi, si juani wala karibu na jiko. Ukiishika funga kitambaa mdomoni, maana vumbi la kuvu si zuri kwa kifua. Iache kwa fundi anayejua kazi. Ikiwa fundi hayuko, itunze hivyo kavu. Kungoja fundi ni bora kuliko kubahatisha.

KIFAA CHA KUNASA

Baada ya deki tunahitaji kifaa kinachopokea picha kutoka waya na kuigeuza kuwa ya dijitali. Kuko njia nne.

Ya kwanza ni kifaa kidogo kama flashi, kinachoingia katika kompyuta kwa USB. Ndicho cha bei rahisi kuliko vyote. Kuko vizuri na vibaya, na kwa macho vinafanana. Uliza mambo matatu: kinajua SECAM? Kinafanya kazi na kompyuta yangu ya leo, si ya miaka 15 iliyopita? Programu yake iko wapi? Mara nyingi programu iko katika diski, na kompyuta za sasa hazina tundu la diski, basi waombe waiweke katika flashi kabla hujatoka dukani. Kuko pia programu ya bure, OBS Studio, inayoweza kunasa na vifaa vingi. Kwa jamaa iliyo na kompyuta, njia hii inatosha.

Ya pili ni kisanduku kinachonasa chenyewe bila kompyuta. Unaunganisha deki, unaweka kadi ya memori, unabonyeza kifungo. Kinakula umeme kidogo na ni rahisi hata kwa mzee. Ubaya wake ni kwamba huwezi kurekebisha mengi, na vingine vinajua PAL na NTSC tu. Swali la SECAM ni lilelile.

Ya tatu ni mashini yenye VHS na DVD pamoja, inayonakili moja kwa moja kutoka kaseti kwenda diski. Hiyo nayo ni ya zamani sasa. Ukiipata nzima, ni nzuri. Lakini usiiache arusi yako katika DVD peke yake, maana diski inakwaruzwa na vumbi letu, na mashini za kuisoma zinapotea vilevile.

Ya nne ni njia ya maskini: kuchezesha kaseti katika televizyo na kuichukua kwa simu. Picha inawaka-waka, na sauti inachanganyika na makelele ya nyumba. Sikushauri. Lakini ikiwa deki ni ya kuazima, inarudi kesho, na kaseti iko karibu kufa, fanya hivyo. Sauti mbaya ya baba ni bora kuliko kimya.

Usiogope vifaa hivi, kijana. Bati linatumiwa kulehemu vipande ndani ya kompyuta, na tantalamu inayotoka katika kolta inatengeneza vidude vinavyotunza umeme ndani ya simu. Udongo wetu umetoka kwetu ukaenda mbali ukarudi mashini. Ni haki nasi tufaidike nao kidogo.

Kabla ya kunasa kaseti nzima, nasa dakika 2 tu, kisha angalia: rangi iko? Sauti inafuatana na midomo? Na nyuso, zimenenepa? Zikinenepa, ujue picha imevutwa kujaza skrini pana ya leo. Picha za zamani zilikuwa karibu mraba, 4 kwa 3. Ziache hivyo. Kwa PAL na SECAM, andika 720 kwa 576 na picha 25 kwa sekunde. Kwa NTSC ni 720 kwa 480, karibu picha 30.

UMEME NA SAA

Kunasa hakuendi mbio. Kaseti ya saa 3 inachukua saa 3 kamili, na umeme usikatike katikati. Kwetu hilo ni jambo la kupigia hesabu.

Tuseme deki inakula wati 20 na kompyuta wati 45. Jumla ni 65. Kwa saa 3 ni 195, na ukiongeza kile inveta inachopoteza, karibu 230. Batri ya sola ya volti 12 na ampea 100 inatunza 1,200, lakini batri ya kawaida ya asidi isishushwe zaidi ya nusu, yaani 600. Basi kwa batri moja iliyojaa utafanya kaseti mbili kubwa, halafu pumzika mpaka jua lijaze tena. Soma wati za mashini yako kwenye kibandiko, ufanye hesabu yako mwenyewe.

Jenereta ndogo nayo inafaa, lakini mara nyingi umeme wake unapanda na kushuka, na deki ya zamani haina nguvu ya kuvumilia. Ukitumia jenereta, weka kituliza umeme katikati. Tena usiku wa radi, acha kazi, chomoa waya.

PA KUHIFADHIA

Ukinasa kwa mtindo wa MP4 wenye ubora mzuri, hesabu karibu gigabaiti 2 kwa saa. Kaseti 40 za saa 2-2 ni saa 80, yaani gigabaiti 160. Diski ya nje ya 500 inatosha parokia nzima. Angalieni kitu kimoja: flashi nyingi zimepangwa kwa mtindo wa FAT32, ambao unakataa faili moja inayopita gigabaiti 4. Kata kaseti katika vipande vya saa moja, hutapata shida.

Kisha fanya nakala mbili, na zisilale katika nyumba moja. Moja ibaki kwenu, nyingine iende kwa ndugu aliye mbali: Goma, Kisangani, Kampala, popote alipo. Sisi watu wa inchi hii tunajua sababu bila kuelezwa. Yule mama alibeba kaseti yake kwa mikono miwili mara nne. Kadi ya memori inashonwa katika ukosi wa kanzu. Lakini kadi na diski nazo zinakufa, tena bila kuaga. Kila miaka 4 ao 5, nakili upya. Na kaseti yenyewe usiitupe: isimamishe kama kitabu, utepe ukiwa umerudishwa mwanzo, mahali pakavu.

TUNUNUE PAMOJA

Hapa mtu ataniambia: «Pasta, mambo haya yote kwa kaseti moja?» Ni kweli. Kwa kaseti moja ao mbili, usinunue kitu. Tafuta mwenye vifaa, umlipe, ukae naye chumbani mpaka amalize. Na kama ni lazima kaseti zisafiri, zisisafiri zote siku moja katika gari moja.

Lakini parokia moja ikihesabu kaseti za jamaa zote, mara nyingi itakuta nyingi kuliko ilivyofikiri. Basi wamama watoe kidogo, korali itoe kidogo, wachimbaji watoe kidogo, mnunue deki moja nzuri na kifaa kimoja kizuri. Chagueni vijana wawili wenye mikono mitulivu, wajifunze, na wengine wasiguse. Andikeni daftari: kaseti ya nani, imeingia siku gani, imerudi siku gani. Kazi ikiisha, pelekeni vifaa kwa parokia jirani. Mashini moja inaweza kuzunguka kilima hata kilima.

PICHA NI ZA NANI?

Neno moja la uchungaji. Katika kaseti za zamani kuko mambo ya watu. Kuko ndoa zilizovunjika, kuko marehemu ambao jamaa yao hawajawa tayari kuwaona. Kijana unayenasa, usichukue kipande cha kuchekesha ukakitupa katika simu za watu. Rudisha kwa mwenyewe kwanza. Yeye njo mwenye kusema.

Tena nimeona katika kaseti moja ya kabla ya mwaka 1993 Wahunde, Wahutu, Watutsi na Wanyanga wakikaa benchi moja, wakila sahani moja, wakicheza ngoma moja. Vijana waliokuwa nami chumbani walinyamaza. Mmoja akauliza kama ni Masisi kweli. Ndiyo, ni Masisi. Mtu asitumie picha kama hizo kuhesabu nani alikuwa wapi na alifanya nini baadaye. Azitumie kuonyesha watoto kwamba iliwezekana.

MWISHO

Mtauliza, na yule mama? Tulifanya kwa utaratibu huu wote. Tulichanga, tukapata deki ya lugha tatu, fundi akaisafisha, tukaijaribu na filamu ya bure. Kaseti yake tuliiacha wiki mbili ikauke. Siku tuliyoinasa, mistari ilipita chini ya picha, na rangi imekuwa nyekundu kupita kiasi. Kisha bwana arusi akasimama kushukuru wageni. Alikuwa kijana mwembamba mwenye koti kubwa kuliko yeye. Alikosea neno, akacheka, akaanza tena.

Binti akasema polepole: «Mama, anacheka kama mimi.»

Wana wa Israeli walipovuka Yordani waliweka mawe 12, ili watoto wakiuliza wapate jibu. Someni Yoshua sura ya 4. Sisi mawe yetu mengine ni ya plastiki, nayo yanaoza. Tuyahamishe wakati tungali na deki inayozunguka.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
1. Katika jamaa yetu, nani ana kaseti, na ziko wapi leo usiku?
2. Sauti ya nani tungependa watoto waisikie?
3. Parokia yetu inaweza kuchanga nini mwezi huu?

Mungu awalinde mpaka mwezi ujao.

Mchungaji wenu